Ruzuku ya Elimu Isikae Ndani ya Sheria ya Kodi

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu, wachumi, maofisa wa kodi, na ndugu zangu mliofika kusikiliza,

Kila msimu wa bajeti ukikaribia, mjadala wa elimu huanza na kauli ile ile: elimu inainufaisha jamii nzima, kwa hiyo serikali ilipie. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo ni kweli. Nusu ya pili inahitaji kazi zaidi. Manufaa yanamfikia nani, na kwa kiasi gani? Mwanafunzi angesoma hata bila ruzuku, au ruzuku ndiyo iliyomfikisha darasani? Na fedha yenyewe ipitie mlango upi?

Mlango ndio nitakaoukazia. Fedha ya kumsomesha mtu itoke kwenye bajeti, itoke mapema, na ionekane. Sheria ya kodi ipewe kazi ya kukusanya, baada ya elimu kuzaa kipato. Nchi nyingi zimechanganya kazi hizi mbili: zinaficha ruzuku ndani ya nafuu za kodi, kisha zinashangaa kwa nini walioandikishwa hawaongezeki.

Tuanze na hesabu moja ndogo, maana bila hiyo maneno "manufaa ya jamii" hubeba kila kitu.

Mtu anaamua kusoma mwaka mmoja zaidi. Akiwa darasani anaacha mshahara wa 100 ambao angeupata kazini. Ada ni 100 nyingine. Gharama yote ni 200. Akimaliza, kipato chake kinapanda kwa 20 kila mwaka, na ili hesabu iwe nyepesi tuseme maisha yake ya kazi ni marefu sana. Ishirini kwa mia mbili ni 10% kwa mwaka. Kiwango hiki si cha ndotoni: wachumi George Psacharopoulos na Harry Patrinos, walipojumlisha tafiti za nchi nyingi mwaka 2018, walipata wastani wa karibu 9% ya ongezeko la kipato kwa kila mwaka wa shule.

Sasa weka kodi ya mapato ya 30%. Mshahara alioacha ungekatwa kodi, kwa hiyo kinachopotea mfukoni mwake ni 70. Ada haina punguzo, ni 100 kamili. Gharama yake ni 170. Nyongeza ya 20 inakatwa, inabaki 14. Kumi na nne kwa 170 ni 8.2%. Kodi imeipunguzia elimu faida bila mtu yeyote kukusudia. Mwenye kiwanda anayenunua mashine hutoa uchakavu wake kwenye mapato kabla ya kukatwa kodi. Ada ya mwanafunzi kwa kawaida haihesabiwi uchakavu.

Kodi ikipanda kadiri kipato kinavyopanda, mambo huwa mabaya zaidi. Kijana ambaye angekatwa 10% tu kwenye mshahara wake mdogo, kisha akakatwa 30% kwenye nyongeza ya baadaye, anapoteza 90 ya mshahara na 100 ya ada, ili apate 14. Hiyo ni 7.4%.

Ruzuku kiasi gani itarudisha ile 10%? Kwa kodi ya kiwango kimoja jibu ni 30% ya ada, sawasawa na kiwango cha kodi chenyewe. Mwanafunzi analipa 70 ya ada na kuacha 70 ya mshahara, jumla 140, anapata 14. Kwa kodi inayopanda inahitajika 50% ya ada. Lans Bovenberg na Bas Jacobs waliieleza hoja hii kwa ukamilifu mwaka 2005: serikali inayotaka kugawa kipato kwa kutumia kodi hujikuta inalazimika kuiwekea elimu ruzuku, ili isiharibu kwa mkono mmoja inachojenga kwa mwingine.

Tazama sasa upande wa Hazina katika ule mfano wa kodi ya kiwango kimoja. Imetoa ruzuku ya 30, imekosa kodi ya 30 kwenye mshahara ambao haukulipwa, jumla 60. Kila mwaka inapokea 6 kutoka kwenye nyongeza ya kipato. Sita kwa 60 ni 10%. Serikali na mwanafunzi ni wanahisa wa mradi mmoja, na kila mmoja anapata kiwango kile kile.

Hadi hapa hakuna hata senti moja ya manufaa ya jamii iliyoingia kwenye hesabu. Hakuna jirani aliyenufaika, hakuna uhalifu uliopungua, hakuna mtoto aliyezaliwa na afya bora zaidi. Kwa hiyo waziri anayesimama na kusema "tunalipia theluthi ya ada kwa sababu ya manufaa kwa jamii" huenda anarekebisha tu madhara ya kodi yake mwenyewe. Ni jambo jema kufanya, ila lina jina lake.

Je, serikali ikilipa ada yote? Mwanafunzi anaweka 70, anapata 14, yaani 20%. Hazina inaweka 100 ya ada na 30 ya kodi iliyokosekana, jumla 130, inapokea 6. Hiyo ni 4.6%. Ili walipa kodi wengine wapate 10% kwenye fedha yao, mwanafunzi huyu lazima awaletee majirani zake manufaa ya thamani ya 7 kila mwaka, juu ya kodi anayolipa. Hapo ndipo manufaa ya jamii yanapoanza kufanya kazi, na sasa tunajua kiasi tunachokitafuta.

Wazo la kwamba tendo la mtu mmoja linaweza kuwafaidisha wengine bila wao kulilipia, na kwamba serikali iweke ruzuku kuziba pengo hilo, limekuwa na umbo lake la kisasa tangu kazi ya mchumi wa Uingereza Arthur Pigou ya mwaka 1920. Milton Friedman, mchumi wa Marekani ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kupenda serikali kubwa, alikubali mwaka 1955 kwamba elimu ya msingi ina manufaa ya aina hiyo, na akakataa kuyanyoosha mpaka kwenye mafunzo ya ufundi na taaluma, ambako faida humrudia mwenyewe kupitia mshahara. Mgawanyo huo bado una mashiko, ingawa mpaka wake si mnyoofu kama alivyouchora.

Ushahidi mzito zaidi nauona kwenye uhalifu. Lance Lochner na Enrico Moretti, mwaka 2004, walitumia mabadiliko ya sheria za kulazimisha watoto kukaa shuleni katika majimbo ya Marekani. Kwa nini sheria? Kwa sababu ukilinganisha tu waliosoma na wasiosoma, unachanganya elimu na malezi, subira na kipato cha wazazi. Sheria ikibadilika, watoto wa mwaka fulani hubaki shuleni bila wenyewe kuchagua, na wa mwaka uliotangulia hawakubaki. Tofauti kati yao ni ya shule. Walikadiria kwamba mwanamume anapomaliza sekondari, jamii inaokoa kwenye uhalifu kiasi cha 14% hadi 26% ya faida anayoipata mwenyewe. Ukiitia kwenye mfano wetu wa 20, ni 2.8 hadi 5.2 kwa mwaka. Tulikuwa tunatafuta 7. Uhalifu peke yake haufiki, lakini unakwenda mbali, na bado hatujagusa afya ya watoto wa mama aliyesoma, ambayo Janet Currie na Moretti waliipima mwaka 2003 na kukuta kwamba elimu ya mama inaboresha hali ya mtoto anapozaliwa.

Kwenye mishahara ya wengine mambo ni magumu zaidi. Moretti alikuta mwaka 2004 kwamba katika miji ya Marekani, sehemu ya wahitimu wa vyuo ikiongezeka kwa pointi moja ya asilimia, mishahara ya wasiomaliza sekondari hupanda kwa 1.9%, ya waliomaliza sekondari kwa 1.6%, na ya wahitimu wenyewe kwa 0.4%. Msomaji wa haraka atakimbilia ile 1.9%. Mimi nawaomba mtazame 0.4%. Wahitimu wakiongezeka, wale wasio wahitimu huwa adimu zaidi na mshahara wao hupanda kwa sababu hiyo tu. Soko limefanya kazi yake na hakuna manufaa yaliyowamwagikia wengine. Wahitimu wenyewe walitakiwa kushuka mshahara kwa kuongezeka idadi. Hawakushuka, walipanda. Ongezeko hilo dogo ndilo lenye harufu ya manufaa ya kweli ya kuwa karibu na watu waliosoma. Daron Acemoglu na Joshua Angrist, wakitumia sheria za kulazimisha shule, walipata mwaka 2000 manufaa madogo sana ya aina hii, ambayo kitakwimu hayakutofautika na sifuri. Sioni mgongano mkubwa hapo: sheria hizo huwagusa watoto waliokuwa karibu kuacha sekondari, na kipimo cha Moretti huwagusa wahitimu wa vyuo. Manufaa ya elimu ya ngazi moja hayapimiki kwa rula ya ngazi nyingine.

Kuna kosa la mahesabu ambalo limepotosha watunga sera kwa miongo kadhaa, na linastahili kutajwa kwa sauti. Kwenye taarifa nyingi za zamani utaona safu mbili: faida binafsi na faida ya jamii, na faida ya jamii ni ndogo kuliko ya binafsi. Watu wakahitimisha kwamba elimu inamfaa mtu zaidi kuliko inavyoifaa jamii. Hesabu ile iliongeza gharama zote za serikali na kuacha kabisa manufaa yanayowafikia wengine, kwa sababu yalikuwa magumu kupimwa. Safu ile ilikuwa faida kwa mizania ya nchi kabla ya kuhesabu jirani hata mmoja. Kosa la upande wa pili nalo lipo: kujumlisha mshahara wote ulioongezeka, kisha kuongeza kodi iliyotokana na mshahara ule ule kama manufaa ya ziada. Kodi ni kipande cha mshahara. Ukishaihesabu ndani, usiihesabu tena nje.

Na lazima tukiri uwezekano mchungu. Michael Spence alionyesha mwaka 1973 kwamba cheti kinaweza kulipwa na mwajiri hata kama darasani hakuna kilichoongezeka, ili mradi kukipata ni kugumu zaidi kwa wasio na uwezo, maana hapo cheti huwa ishara ya uwezo. Sehemu ya faida inayotokana na ishara hiyo ni nafasi ya kazi iliyohama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Ruzuku juu ya sehemu hiyo huongeza mbio tu: kazi iliyotaka cheti cha sekondari inaanza kutaka shahada. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba ruzuku ifuate kujifunza. Miaka ya kukaa dawatini bila kujua kusoma haipunguzi uhalifu wala haimfunzi mama kusoma maelekezo ya dawa.

Sasa tuje kwenye milango.

Mlango wa kwanza ni nafuu ya kodi kwa anayelipa ada. Marekani ndiyo iliyoupanua mno, tangu sheria ya mwaka 1997, na mwaka 2009 ikaongeza nafuu ya hadi dola 2,500 kwa mwanafunzi wa chuo kwa mwaka: dola 2,000 za kwanza za gharama zinarudishwa zote, na robo ya dola 2,000 zinazofuata. Asiye na kodi ya kulipa anaweza kurudishiwa 40% tu, yaani dola 1,000 kwa juu kabisa. George Bulman na Caroline Hoxby walichunguza nafuu hizi kwa kumbukumbu za kodi zenyewe na mwaka 2015 wakaripoti kwamba hazikuongeza uandikishaji vyuoni kwa namna inayoonekana.

Sababu zinaeleweka ukimfuata mlipaji hatua kwa hatua. Ada inadaiwa mwanzo wa muhula. Nafuu inakuja baada ya mwaka wa kodi kuisha na fomu kujazwa, miezi mingi baadaye. Familia iliyoweza kungoja ilikuwa na fedha tangu mwanzo, na mtoto wake angesoma hata hivyo. Familia isiyo na fedha haikufika dirishani. Katika wanafunzi 10 wanaopata nafuu, kama 8 wangesoma bila hiyo, manufaa ya jamii yanatoka kwa 2 wakati fedha imetoka kwa 10. Jambo lingine ni kwamba matumizi haya hayapigiwi kura kila mwaka. Fungu la ujenzi wa madarasa husimama mbele ya wabunge na kukatwa. Nafuu ya kodi inajiendea yenyewe.

Mlango wa pili hauonekani kabisa: kodi ya ongezeko la thamani. Watu husema "shule zimesamehewa VAT" wakidhani shule hailipi. Kusamehewa na kutozwa kwa kiwango cha sifuri ni vitu viwili. Huduma ikiwa ya kiwango cha sifuri, mtoaji hurudishiwa kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake. Ikiwa imesamehewa tu, harudishiwi. Chukua kiwango cha 20%: shule inanunua madawati ya 1,000, inalipa 200 ya kodi, na hiyo 200 inakwama ndani ya gharama zake. Mzazi anailipa kupitia ada bila kuiona kwenye risiti. Kwa sababu hiyo hiyo Uingereza ilipoanza kutoza VAT ya 20% kwenye ada za shule binafsi tarehe 1 Januari 2025, gharama halisi ilitakiwa kupanda kwa chini ya 20%, maana shule zilipata haki ya kudai kodi ya manunuzi. Kila pendekezo la msamaha wa VAT kwa elimu liulizwe swali hili moja kabla ya jingine lolote.

Mlango wa tatu ni kodi iliyofungiwa elimu. Ghana ilianzisha mfuko wa elimu mwaka 2000 ukilishwa na sehemu ya VAT sawa na pointi 2.5, na Nigeria tangu mwaka 1993 ilitoza makampuni 2% ya faida kwa ajili ya elimu, kiwango ambacho kilipanda baadaye. Kodi ya aina hii hukubalika kwa wananchi kwa sababu wanajua inakokwenda. Ina matatizo mawili. Fedha haina rangi: mfuko ukipokea 50, Hazina inaweza kupunguza 50 kwenye fungu la kawaida la wizara, na jumla isisogee. Pia mapato yake huyumba pamoja na uchumi, ilhali mishahara ya walimu haiyumbi. Ukiulinda kwa sheria, ulinde jumla ya matumizi ya elimu, usilinde mfuko peke yake.

Upande wa kukusanya ndiko kodi inakong'ara, na somo bora linatokana na jaribio lililoharibika. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Yale kilianza kuwakopesha wanafunzi kwa masharti kwamba kila dola 1,000 italipwa kwa 0.4% ya kipato cha mwaka, mpaka deni la kundi zima liishe au miaka 35 ipite. Wenye vipato vikubwa waliruhusiwa kujitoa kwa kulipa 150% ya deni lao pamoja na riba. Matajiri wakajitoa. Wenye vipato vidogo, na wasiolipa kabisa, wakabaki na deni ambalo waaminifu walilibeba mwaka baada ya mwaka. Chuo kiliacha kuandikisha wapya mwaka 1978. Mpango ulianguka kwa sababu mbili: chuo hakina uwezo wa kujua kipato cha mtu kwa uhakika, na hasara ya asiyelipa iliwekwa juu ya wenzake.

Australia ilirekebisha yote mawili mwaka 1989. Kila mwanafunzi alipangiwa dola 1,800 za nchi hiyo kwa mwaka wa masomo, akiruhusiwa kulipa baadaye. Mwajiri anakata pamoja na kodi ya mapato, kipato kikishuka chini ya kiwango makato yanasimama, na hasara ya wasiofikia kiwango inabebwa na serikali. Deni lilipandishwa kulingana na mfumuko wa bei. Hakuna dalali wa madeni anayebisha hodi.

Hata hapo kuna tahadhari. Uingereza, kwa walioanza vyuo nchini England kati ya mwaka 2012 na katikati ya 2023, makato ya mkopo ni 9% ya kipato kinachozidi kiwango, ambacho kilianza na pauni 21,000, na deni hufutwa baada ya miaka 30. Jumlisha kodi ya mapato ya 20% na mchango wa bima ya taifa uliokuwa 12%: mhitimu wa kipato cha kawaida aliachiwa senti 59 katika kila pauni aliyoongeza. Mkopo huo ni kodi yenye jina la mkopo, na unarudisha kwenye hesabu yetu ile ile adhabu tuliyotaka kuiondoa. Uhesabiwe hivyo.

Kwa hiyo kwa vyuo nashauri mkopo unaofuata kipato. Ruzuku kamili isiyodaiwa iende chini: shule ya awali, msingi na sekondari, hasa kwa kaya ambazo bila ruzuku mtoto hasomi. Jaribio la shule ya awali la Perry huko Michigan, lililoanza mwaka 1962 na watoto 123, lilikadiriwa na James Heckman na wenzake kuzaa 7% hadi 10% kwa mwaka. Nathaniel Hendren na Ben Sprung-Keyser walipolinganisha sera 133 za Marekani mwaka 2020, zile za afya na elimu kwa watoto wa kaya maskini ndizo zilizoibuka juu, na nyingi zilirudisha gharama zake kwa kodi iliyoongezeka na misaada iliyopungua.

Ila zinarudisha polepole. Indonesia ilijenga shule za msingi zaidi ya 61,000 kati ya 1973 na 1978. Esther Duflo alikuta mishahara ya waliofikiwa ilipanda, na utafiti wa baadaye ulikadiria kwamba kodi ya ziada na hali bora ya maisha hufidia gharama ya ujenzi ndani ya miaka 30 hadi 60. Shilingi moja itakayopatikana miaka 30 ijayo ina thamani ya 0.41 leo ukiipunguza kwa kiwango cha 3% kwa mwaka, 0.23 kwa 5%, na chini ya 0.06 kwa 10%. Anayechagua kiwango hicho amechagua pia jibu. Kiandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa kila tathmini.

Mtaniuliza kuhusu uchumi ambao wengi hawamo kwenye daftari la kodi ya mapato. Hapo makato ya mwajiri hayashiki, na mkopo wa aina ya Australia utavuja. Lakini mhitimu asiye na mwajiri bado ananunua, na VAT inamfikia. Kama kodi za manunuzi zinachukua 10% ya nyongeza yake, Hazina inapata 2 katika 20 badala ya 6, hivyo manufaa kwa wengine yanayohitajika kuhalalisha ada ya bure yanapanda, na sababu ya kuelekeza fedha kwenye ngazi za chini inazidi kuwa na nguvu.

Ombi langu kwa kamati ya bajeti ni kurasa mbili kwenye kitabu cha makadirio. Moja ioneshe kila nafuu na msamaha wa kodi unaohusu elimu, gharama yake, na watu unaowaendea, kwa mafungu kumi ya kipato, kuanzia maskini zaidi hadi tajiri zaidi. Ya pili ioneshe ruzuku za moja kwa moja kwa mafungu yale yale. Zichapwe zikitazamana.